Kutoka Gataka kwa Baiskeli: Uliza Kwanza Maji Yako Wapi

Anayetaka kuanza kuzunguka Kajiado kwa baiskeli huuliza kwanza ni kilomita ngapi. Ningependa aulize maji yako wapi. Kilomita 40 za lami asubuhi ya Julai humchosha mtu kidogo tu, lakini kilomita 10 za udongo mweusi baada ya mvua moja ya Aprili zinaweza kumlaza njiani. Maji ndiyo yanayoamua utapita wapi, utakunywa nini, utakutana na mnyama gani na utafika nyumbani saa ngapi.

Gataka iko pazuri kwa safari za namna hii. Ni kati ya Ongata Rongai na Karen, na mto Mbagathi hauko mbali. Ukielekea kwenye mto unafikia msitu wa Oloolua. Ukielekea magharibi unapanda kwenye mashamba ya Kiserian na milima ya Ngong. Mashariki kuna nyanda za Tuala na Kitengela, zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Kusini, barabara ya Magadi inashuka Bonde la Ufa, na mwisho wake, kwa mwenye subira, kuna mifereji ya Nguruman, ambako wakulima wanamwagilia maembe na bamia chini ya ukuta wa bonde. Waendesha baiskeli wa Uholanzi na Uingereza wana njia tambarare kando ya mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mashua. Kwetu hakuna aliyeyanyoosha maji kwa ajili ya mashua, kwa hiyo mwendesha baiskeli huyafuata yalivyo, yakiwepo na yasipokuwepo.

Anza na kalenda. Mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na mvua fupi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kipindi cha Juni hadi Septemba ni cha baridi na mawingu huku juu Rongai, na ndicho kizuri kuliko vyote kwa safari ndefu. Januari na Februari ni vikavu na vya jua kali, vinafaa ukiondoka mapema. Mvua zikinyesha, tofauti kati ya njia na njia huwa kubwa mno. Udongo mwekundu wa upande wa Karen na Ngong huteleza, lakini hukauka upesi. Udongo mweusi wa Tuala, Kitengela na Isinya ni jambo jingine kabisa. Hushikamana na tairi, ukajaa kwenye fremu na breki hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Kuulazimisha hukatisha cheni au kuvunja gia. Ukishaona vidimbwi na nyayo za ng'ombe zilizozama, geuza. Udongo huo unahitaji siku mbili au tatu za jua kabla ya kuupitia tena.

Mvua ya mbali pia ihesabiwe. Makorongo yanayokata barabara za vumbi hupokea maji ya milima ya Ngong hata kama hapo uliposimama ni jua tupu. Katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024 watu walikwama Kitengela mto ulipofurika, nao walikuwa wenyeji wanaoujua mto wao. Ukikuta maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita juu ya daraja la chini, usiyajaribu, hata kama boda boda amepita mbele yako. Subiri. Mafuriko ya makorongo haya hupungua haraka kama yalivyokuja.

Kwa safari ya kwanza nenda Oloolua. Ni karibu, ina kivuli, na inakufundisha baiskeli yako kabla hujaipeleka mbali. Upande wa Karen, ndani ya eneo la Taasisi ya Utafiti wa Nyani, kuna njia ya msituni inayofuata Mbagathi hadi kwenye maporomoko na mapango ambayo wenyeji husimulia kuwa wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Kiingilio hulipwa langoni. Njia hiyo imetengenezwa kwa ajili ya waendao kwa miguu, na ushauri wangu ni kufunga baiskeli penye askari kisha kuingia ukitembea. Mizizi na ngazi za mawe hazikupi raha ya kuendesha, na kengele yako itawafukuza nyani na ndege uliokuja kuwaona. Anayetaka kuendesha kabisa ndani ya msitu aende siku nyingine Karura, ng'ambo ya jiji, ambako baiskeli zinaruhusiwa na hata hukodishwa. Hata hivyo usikosee kuudharau Oloolua kwa sababu ni mdogo. Mto unaopita humo ndio unaokuwa mpaka wa kusini wa Hifadhi ya Nairobi, kisha unaitwa Athi, halafu Galana, halafu Sabaki, na kuingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Huko Tuala na Kitengela utakutana nao tena.

Safari ya pili ni ya mashambani: Rongai, Kiserian, Ngong na kurudi. Barabara ya Magadi ndani ya Rongai ndiyo sehemu ngumu zaidi ya siku. Matatu husimama ghafla, boda boda hupita pande zote mbili, na ukingo wa lami mahali pengine umeliwa. Ipite kabla ya saa moja asubuhi, au Jumapili. Endesha umbali wa mkono mmoja kutoka ukingoni, usijibanze kabisa pembeni, kwa sababu dereva akiona nafasi atajaribu kupenya. Vaa rangi inayoonekana, washa taa nyekundu nyuma hata mchana, na kofia ngumu isikose kichwani.

Baada ya Nkoroi mambo hutulia. Utaona vitalu vya sukuma wiki na nyanya, mabanda ya kuku, ng'ombe wa maziwa waliofungiwa, na katikati yao gorofa mpya zinazopanda kila mwaka. Kiserian ni mji wa mifugo. Kichinjio cha Keekonyokie hapo kinajulikana kwa kutengeneza gesi ya kupikia kutokana na damu na taka za machinjo, na nyama choma ya mji huu huwatoa watu Nairobi. Kwa mwendesha baiskeli, nyama iwe ya mwisho wa safari. Njiani chapati na maharagwe, chai yenye sukari na ndizi mbili hukusukuma zaidi kuliko kilo ya mbuzi. Bwawa la Kiserian liko karibu na mji, na ni mahali pazuri pa kupumzika na kutazama ndege. Kutoka hapo rudi kupitia Matasia na Ngong, ukipanda na kushuka mabonde madogo.

Milima yenyewe ya Ngong, ambayo kilele chake cha Lamwia kina mita 2,460, ni ya wenye miguu iliyokwisha kuzoea. Lango la Huduma ya Misitu liko juu ya mji wa Ngong, na barabara inaendelea hadi kwenye mitambo ya upepo ya KenGen. Ukitaka kufuata mgongo wa milima hadi Kona Baridi, nenda kwa kundi na uombe askari wa misitu awasindikize. Watu wamewahi kuporwa huko, na gharama ya askari si kubwa ikilinganishwa na baiskeli.

Mitambo hiyo ya kwanza iliwekwa mwaka 1993, na leo shamba zima linaweza kuzalisha megawati 25.5. Nasema hivyo kwa sababu inakuambia jambo ambalo wageni wa baiskeli hulipuuza: huku kuna upepo, na unatoka mashariki karibu mwaka mzima. Asubuhi ni mpole. Kufikia saa saba mchana huwa umeshika kasi, na kwenye nyanda zisizo na miti unaweza kukupunguzia nusu ya mwendo. Basi panga mizunguko yako ili uende mashariki asubuhi na urudi magharibi alasiri upepo ukikusukuma mgongoni.

Hiyo ndiyo siri ya mzunguko mkubwa, ninaoupenda kuliko wote: Rongai hadi Kitengela kupitia Tuala, kisha Isinya, kisha Kiserian, kisha nyumbani. Ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Aliyezoea huumaliza kwa siku moja. Asiyezoea alale Isinya au Kitengela. Watu wengi huuzunguka kinyume kwa sababu wanataka kumaliza milima mapema, kisha wanateseka Tuala jioni kwa upepo wa usoni na giza linaloingia. Na Tuala jioni si mahali pa kuchelewa.

Hapa lazima niseme waziwazi. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye kilomita za mraba 117, haina uzio upande wa kusini. Iliachwa hivyo ili wanyama wa malisho waweze kutoka kwenda nyanda za Athi na Kapiti na kurudi, na simba na fisi huwafuata. Aprili 2025 msichana wa shule ya msingi aliuawa na simba jike katika ranchi iliyo pembezoni mwa hifadhi, upande huu wetu. Simba hawa hutembea hasa kuanzia machweo hadi alfajiri, na hupenda mabonde ya mto Mbagathi kwa sababu ndiko kwenye maji na vichaka. Kwa hiyo kati ya Rongai na Kitengela usiendeshe kabla jua halijatoka vizuri, na baada ya saa kumi na moja jioni uwe umekwisha kutoka huko. Usishuke mtoni kunawa peke yako. Ukimwona nyati, simama mbali na urudi polepole ulikotoka. Na ukisikia kishindo, usidhani tu kwamba ni gari au ng'ombe, angalia.

Baada ya maonyo hayo, njia yenyewe ni ya kupendeza. Unatoka Rongai kwa barabara ya Maasai Lodge, unapita Tuala, kilipo kituo cha Ongata Rongai cha reli ya SGR, na kwa mbali unaona daraja refu la reli likivuka hifadhi. Twiga wakati mwingine wanaonekana ng'ambo ya mto. Usitegemee ramani ya simu kupita kiasi. Ardhi hii iligawanywa na kuuzwa vipande vipande, na njia za ng'ombe zilizokuwa wazi zamani sasa zinaishia kwenye waya. Uliza watu. Na uliza kwa adabu ya mahali: salimu kwanza, "Sopa", nawe utajibiwa "Ipa", kisha habari za nyumbani na za mifugo, ndipo njia. Mchungaji atakuambia mambo ambayo hakuna simu inayoyajua, kwamba geti fulani limefungwa, kwamba korongo limejaa, kwamba jana usiku fisi walilia upande ule. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge baada yako. Kundi la ng'ombe likivuka, shuka usimame hadi wa mwisho apite. Maji ya birika la mifugo usiyaguse bila ruhusa. Katika ukame wa 2020 hadi 2023 familia nyingi za Kajiado zilipoteza mifugo, na kisima cha watu hapa si mali ya kila mpita njia.

Miiba ya migunga ndiyo itakayokutafuta zaidi kwenye njia hii. Tairi nyembamba za mashindano ziache nyumbani. Chukua tairi zenye upana wa milimita 40 au zaidi, usizijaze upepo hadi ziwe ngumu kama jiwe, na kama mfuko unaruhusu weka dawa ya kuziba pancha ndani. Beba tyubu mbili, viraka, gundi, pampu na kifaa cha kuunga cheni. Ukipata pancha, kabla hujaweka tyubu mpya papasa ndani ya tairi pole pole kwa vidole, kwa sababu mwiba uliovunjikia humo utatoboa ya pili baada ya mita mia. Mafundi wa baiskeli wako karibu kila kituo cha biashara na ni hodari, lakini vipuri walivyonavyo ni vya baiskeli zinazotumika huko: tyubu za inchi 26 na za inchi 28 za Black Mamba. Mwenye magurudumu makubwa ya kisasa ajibebee za kwake. Ndiyo maana baiskeli ya milimani ya mtumba, yenye inchi 26 na fremu ya chuma inayoweza kuchomelewa na fundi wa jua kali, naiona bora kwa Kajiado kuliko ile ghali ya dukani. David Kinjah, aliyewalea vijana wa Safari Simbaz pale Kikuyu na kumfundisha Chris Froome kabla hajashinda Tour de France mara 4, alianza na vifaa vya kuokoteza. Hakuna anayehitaji kusubiri baiskeli ya ndoto zake ili aione Kitengela.

Kutoka Kitengela hadi Isinya unafuata barabara ya Namanga, na malori ya Tanzania ndiyo majirani zako. Sipendi kipande hiki. Kaa kwenye bega la barabara, usivae vipokea sauti masikioni, na lori linapokupita shika usukani kwa nguvu kwa sababu upepo wake kwanza hukusukuma kisha hukuvuta. Isinya jaza kila chupa uliyo nayo. Barabara ya kwenda Kiserian ni lami nzuri isiyo na msongamano, lakini vivuli ni vichache na vituo viko mbalimbali. Hapo ndipo upepo wa mgongoni unapokulipa kwa kuamka mapema.

Sasa Magadi na Nguruman. Hii ni safari ya siku tatu au nne, na ndiyo inayomfikisha mtu kwenye mifereji halisi. Baada ya Kiserian unapanda hadi Kona Baridi, halafu nchi inafunguka chini yako. Kutoka hapo hadi Magadi barabara inashuka zaidi ya mita 1,000. Usiningʼinie kwenye breki muda wote. Zikamate kwa nguvu kabla ya kona, ziachilie, na usimame kila baada ya muda uzipoze. Upepo wa Kona Baridi hupiga ubavuni kwa ghafla, kwa hiyo mizigo ifungwe chini na karibu na fremu.

Siku ya kwanza ishia Olorgesailie. Louis na Mary Leakey walichunguza mahali hapa miaka ya 1940, na tangu 1947 wageni wamekuwa wakiona mashoka ya mawe yaliyotapakaa ardhini, kazi ya mikono ya viumbe walioishi kando ya ziwa ambalo halipo tena. Kuna vibanda vya kulala na mahali pa kupiga hema chini ya Makumbusho ya Taifa. Fika na maji yako. Sehemu hii naisisitiza kwa sababu wengi hudhani barabara ya kushuka haina kiu. Joto hupanda kadiri unavyoshuka, na jasho hukauka kabla hujaliona. Beba angalau lita sita kwa mtu, unywe kidogo kidogo kila robo saa, na weka chumvi kidogo na sukari katika chupa moja. Ukiona umeacha kutoka jasho au kichwa kinauma, tafuta kivuli papo hapo. Mtandao wa simu hukatika mahali pengi, kwa hiyo mtu wa nyumbani ajue utalala wapi kila usiku.

Siku ya pili ondoka kabla ya jua kupata nguvu ili ufike Magadi kabla ya saa nne. Mchana wa Magadi si wa kuendesha baiskeli. Ziwa lenyewe limejaa magadi meupe na waridi, na barabara ya Nguruman inalivuka juu ya tuta. Maji yake usiyafikirie hata kidogo kwa kunywa. Baada ya ziwa unaingia nchi ya wanyama ya Olkiramatian na Shompole, yenye tembo, nyati na simba, na huko ni lazima uwe na mwenyeji. Panga naye kabla hujaondoka nyumbani, mlipe vizuri, na mfuate anapokuambia simama.

Kisha unavuka Ewaso Ng'iro ya kusini na mambo yanabadilika mbele ya macho. Mito ya Oloibortoto na Entasopia inateremka kutoka ukuta wa Nguruman, wakulima wameigawa kwa mifereji, na maji yanakimbia kando ya njia chini ya miembe na mikuyu. Bamia, biringanya, pilipili na karela hulimwa hapa, nyingi kwa ajili ya masoko ya mbali. Endesha polepole kwenye kingo. Mifereji hiyo ni ya udongo na gurudumu moja linaweza kuivunja, na zamu ya maji ya mtu ikimwagika njiani ni hasara ya wiki nzima. Usioge ndani yake na usifue. Omba kununua maembe moja kwa moja shambani.

Jambo moja la Nguruman linahusu nguo. Mbung'o wapo, na wanapenda rangi ya buluu na nyeusi. Watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE walitumia hulka hiyo katika miaka ya 1980 walipotengeneza hapa mtego wa kitambaa uliopewa jina la Ngu, kutokana na jina la mahali hapa, wakiongeza harufu ya mkojo wa ng'ombe ili kuwavuta zaidi. Vaa kaki, kijivu au rangi ya mchanga, mikono mirefu, na begi la nyuma lisiwe la buluu.

Kurudi, simshauri mtu apande tena kwa baiskeli hadi Kona Baridi, labda awe anajiandaa kwa mashindano. Magari ya kwenda Kiserian na Nairobi hutoka kijiji cha Entasopia na Magadi alfajiri, hujaa haraka, na baiskeli hufungwa juu ya paa. Zungumza na dereva jioni ya kabla na mkubaliane nauli ya baiskeli hapo hapo. Ondoa gurudumu la mbele na pedali, funika gia kwa gunia, na uifunge mwenyewe kwa mpira wa tyubu kuukuu, maana kamba ya katani hulegea kabla hata hamjafika Olorgesailie.